UZI: Studio za Hollywood zilivyoupiga vita mkanda wa video, kisha zikala kupitia mkanda huohuo

#1 – Mleta uzi

Wakuu salaam.

Kila tukigusia muvi za zamani humu, hakosi mtu wa kusema Hollywood ndio walioleta mikanda ya video majumbani. Naomba tuweke kumbukumbu sawa, maana hili nimelifuatilia kwa muda mrefu na huwa linaniuma likielezwa kinyumenyume. Studio kubwa hazikuutaka mkanda. Zilikwenda mahakamani kuuzuia, zikashindwa. Biashara yenyewe ilijengwa na watu wa kawaida waliofungua vijiduka vya kukodisha, na studio zilikuja kuvuna shamba likiwa limeshalimwa. Tangu hapo karibu kila walichobuni, iwe bei, DVD au hizi huduma za kulipia kwa mwezi, kimekuwa na shabaha moja: nakala ya filamu isibaki mikononi mwa mtu ambaye hawawezi kumdhibiti.

Uzi ni mrefu, nitashusha kwa vipande.

Turudi nyuma kidogo. Hadi miaka ya 1940 studio kama Paramount, MGM, Warner, Fox na RKO zilikuwa zinatengeneza filamu, zinazisambaza, na majumba mengi makubwa ya sinema yalikuwa yao pia. Mei 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua dhidi yao kwenye kesi inayojulikana kwa jina la Paramount, wakalazimika kuachana na majumba. Wakati huohuo televisheni inaingia sebuleni. Kwa hiyo ndani ya miaka michache mtu aliyekuwa anashika mlango wa kuingilia akajikuta hana mlango.

Filamu za zamani nazo hawakuziona kama mali. Zilikuwa mzigo ghalani, tena mzigo wa hatari, kwa sababu utepe wa wakati ule, wa naitreti, hushika moto kirahisi. Mwaka 1937 ghala la Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliungua na sehemu kubwa ya filamu zao za bubu ikateketea moja kwa moja. Mwaka 1956 Warner iliuza filamu zake zote za kabla ya 1950 kwa dola milioni 21. Casablanca ilikuwa humo ndani! Miaka miwili baadaye Paramount ikaiuzia kampuni ya MCA filamu zake za sauti za kabla ya 1950 kwa dola milioni 50. Walionunua walikuwa wanafikiria televisheni tu. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu atataka filamu yake mwenyewe kabatini.

Halafu ikaja 1975, Sony wakatoa Betamax, deki ya video ya nyumbani.

Kilichowatia studio hofu si kutazama, ni kile kitufe cha kurekodi. Kuna tangazo liliandaliwa kwa ajili ya Betamax likimwambia mtazamaji kwamba sasa halazimiki kumkosa Kojak kwa sababu anamwangalia Columbo. Vipindi vyote viwili vilikuwa vya studio ya Universal. Novemba 1976 Universal wakiungana na Disney wakaishtaki Sony katika mahakama ya shirikisho Los Angeles. Hoja yao: anayeuza mashine ya kunakili anabeba hatia ya kila anayenakili kwayo. Na hapa pana jambo ambalo watu hulisahau. MCA, kampuni mama ya Universal, ilikuwa inaandaa mashine yake yenyewe ya sahani za leza, DiscoVision, iliyoingia sokoni Atlanta Desemba 1978. Mashine hiyo inacheza tu, hairekodi. Kwa hiyo usiniambie walikuwa wanapinga filamu kutazamwa nyumbani. Walichokuwa wanapinga ni mtazamaji kuwa na uwezo.

Kesi ikaenda miaka saba na ushee. Mwaka 1979 Sony wakashinda. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ikapindua. Mwaka 1982 Jack Valenti, mkuu wa chama cha studio, akasimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kuifananisha deki ya video na yule muuaji wa Boston aliyekuwa akiwanyonga wanawake waliokuwa peke yao nyumbani. Hayo yamo kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Ndipo tarehe 17 Januari 1984 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu: majaji 5 kwa 4, Sony hawana hatia. Jaji John Paul Stevens ndiye aliyeandika uamuzi. Mtu kurekodi kipindi ili akitazame baadaye ni matumizi halali, na kifaa chenye matumizi halali ya kutosha hakiwezi kupigwa marufuku eti kwa sababu wapo wanaokitumia vibaya.

Kura moja ingekwenda upande wa pili, deki ingeweza kuwa haramu.

Nakuja na kipande cha pili.

#2 – Mchangiaji

Mkuu naweka kambi hapa. Swali dogo: kama studio zilikuwa zimegoma hivyo, mikanda ya kwanza yenye filamu zao ilitoka wapi? Maana 1984 tayari watu walikuwa wanakodi.

#3 – Mleta uzi

Swali zuri, na jibu lake ndilo roho ya uzi huu.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Andre Blay, ana kampuni ndogo ya kunakili kaseti huko Farmington Hills, Michigan, mbali kabisa na Hollywood. Kampuni iliitwa Magnetic Video. Wateja wake walikuwa watu wa mikanda ya mafunzo na mambo ya ofisini. Akaona deki zinaanza kuingia majumbani na hakuna cha kuziwekea. Akaandikia studio barua akiomba leseni ya kuuza filamu zao kwenye kaseti. Fox peke yao ndio waliojibu.

Mwaka 1977 wakakubaliana filamu 50. Blay akatoa dola 300,000 za kuanzia, akaahidi Fox hawatapata chini ya dola 500,000 kwa mwaka, pamoja na dola 7.50 kwa kila kaseti itakayouzwa. Fox hawakumpa vitu vipya. Walimpa filamu zilizokwishamaliza kazi kwenye majumba ya sinema na kwenye televisheni, mambo ya Patton, The Sound of Music, M*A*S*H. Kwa akili ya Fox, hizo zilikuwa pesa za bure. Blay akaweka tangazo kwenye TV Guide, kila kaseti dola 49.95, na oda zikamiminika. Fox walivyoona hesabu hawakukaa sana: wakainunua Magnetic Video yote kwa dola milioni 7.2. Kampuni hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa tawi la video la Fox, na baadaye CBS/Fox Video. Wenye umri wangu wataikumbuka nembo yake.

Sasa sikilizeni la George Atkinson, maana mimi namheshimu kuliko wakurugenzi wote wa studio wa wakati ule.

Atkinson alikuwa Los Angeles na biashara yake ndogo ya kukodisha vifaa vya kuonyeshea filamu. Akaona tangazo la mikanda ya Blay. Akanunua nakala za zile filamu 50, za Betamax na za VHS, na Desemba 1977 akafungua kijiduka barabara ya Wilshire. Akatoza uanachama dola 50 kwa mwaka au dola 100 kwa maisha, na kukodi filamu moja dola 10 kwa siku. Ndivyo duka la kukodisha video lilivyozaliwa Marekani. Ndani ya muda mfupi akawa na mamia ya maduka yanayobeba jina lake la Video Station.

Studio zilipagawa. Mtu ananunua kaseti mara moja, anaikodisha mara mia, na wao hawaoni hata senti! Wanasheria wao walichimba wakakuta ukuta. Sheria ya Marekani ina kanuni ya mauzo ya kwanza, iliyotokana na kesi ya wachapishaji wa vitabu ya 1908 na kuandikwa upya kwenye sheria ya hakimiliki ya 1976: ukishauza nakala halali, mwenye nakala anaweza kuiuza, kuiazima au kuikodisha bila kukuomba ruhusa. Hakimiliki inakuzuia kunakili. Haikuzuii kuitumia kaseti yako.

Walijaribu kuuvunja ukuta huo. Mwaka 1981 Warner walikuja na mpango wa kuwakodisha wenye maduka kaseti badala ya kuwauzia, wenye maduka wakaja juu na mpango ukafa. Studio zikaenda Bungeni kutaka sheria ibadilishwe, wenye maduka nao walikuwa wameshaunda chama chao, wakapambana, sheria ikabaki palepale. Kampuni za muziki zilifanikiwa kwa upande wao: mwaka 1984 kukodisha santuri kukapigwa stop. Filamu haikuguswa. Yaani wauza duka wa mitaani waliishinda Hollywood kwenye Bunge la nchi yao wenyewe. Hadithi hii inastahili kusimuliwa zaidi ya inavyosimuliwa.

#4 – Mchangiaji

Aisee. Tiririka mkuu. Hivi ni kweli mikanda ya original ilikuwa inauzwa karibu dola mia Marekani? Nilidhani ni stori za vijiweni.

#5 – Mleta uzi

Ni kweli mkuu, na sababu yake ni hiyohiyo kanuni.

Studio ilikuwa inapata pesa mara moja tu, siku kaseti inapouzwa. Kwa hiyo wakasema sawa, basi hiyo mara moja iwe ya maumivu. Filamu mpya ikawekwa dola 79.95 au 89.95. Bei hiyo haikumlenga mtu wa nyumbani, ilimlenga mwenye duka, ambaye lazima anunue kwa sababu wateja wanaisubiri. Mwenye duka naye anakodisha dola mbili tatu kwa usiku, mpaka kaseti izunguke mara ishirini na kitu ndipo aanze kuona faida. Ndiyo maana ulikuwa unakwenda Ijumaa unakuta nakala mbili tu za filamu mpya na zote zimetoka.

Paramount ndio waliojaribu njia nyingine kwa ujasiri. Mwaka 1982 wakaitoa Star Trek II kwa dola 39.95, nusu ya bei ya kawaida, kujaribu kama watu watanunua badala ya kukodi. Wakanunua. Mwaka 1987 Top Gun ikatoka dola 26.95, ikiwa na tangazo la Pepsi mwanzoni mwa mkanda kusaidia gharama. Mwaka 1988 Universal, walewale walioishtaki Sony, wakatoa E.T. kwa dola 24.95 na kuuza takriban nakala milioni 15 Marekani. Kaseti zile zilikuwa na kifuniko cha mbele cha rangi ya kijani badala ya cheusi, ili mnunuzi aijue halali kutoka ile ya kuibia. Ukiikuta leo kwa mtu anayekusanya, itazame pale kwenye mlango mdogo unaoficha utepe, utaona.

Disney walikuwa na mbinu yao, na niseme wazi siipendi. Wanaitoa filamu ya katuni kwa muda mfupi, kisha wanatangaza kwamba inarudi "ghalani" miaka kadhaa. Mzazi anakimbizwa kununua leo kwa sababu mtoto wake atakuwa mkubwa siku itakapotoka tena. Biashara ilikubali: The Lion King kwenye video mwaka 1995 iliuza zaidi ya nakala milioni 30.

Kufikia nusu ya pili ya miaka ya 80, pesa za video majumbani Marekani zilikuwa zimezipita za majumba ya sinema. Kile kitu walichokifananisha na muuaji ndicho kilichokuwa kinawalipia umeme.

Na hakikuwalisha wakubwa peke yao. Kampuni ya Vestron ya Connecticut ilianza 1981 ikiuza mikanda tu, ikajikusanyia mtaji, ikatengeneza filamu yake yenyewe, Dirty Dancing ya 1987. Cannon ya akina Golan na Globus, zile za Chuck Norris na maninja, nayo ilikuwa inakopa kwa nguvu ya kuuza haki za video kabla hata kamera haijawashwa. Zote mbili zilianguka baadaye kwa kujitanua kupita kiasi. Lakini kwa miaka kadhaa mtu aliyekuwa nje ya ukoo wa Hollywood aliweza kutengeneza filamu ikaonekana dunia nzima, kwa sababu duka la kukodisha lilikuwa na rafu za kujaza. Nani anampa nafasi hiyo leo?

Mfano ninaoupenda ni The Shawshank Redemption. Mwaka 1994 ilitoka kwenye sinema ikaambulia takriban dola milioni 16 mwanzoni, wakati kuitengeneza kuligharimu milioni 25. Kibiashara ilikuwa imekufa. Mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa filamu zilizokodishwa zaidi Marekani, na leo hakuna asiyeijua. Iliokolewa na kaunta za maduka ya video.

#6 – Mchangiaji

Na sisi huku je? Mimi nimekulia banda la video, sijawahi kuona kaseti yenye kifuniko cha kijani hata siku moja.

#7 – Mleta uzi

Huku mkuu studio hazikutuhesabu kabisa, ndio ukweli.

Kumbuka Tanzania Bara ilikuwa haina televisheni hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa hiyo kwa watu wa Bara, kioo cha kwanza kukaa mbele yake kwa wengi kilikuwa cha deki, sio cha kituo cha matangazo. Mikanda ilikuja na mabaharia, wafanyabiashara, ndugu waliotoka Uarabuni. Na ya Marekani ilikuwa na taabu yake: kule walikuwa wanatumia mfumo wa picha wa NTSC, sisi PAL. Ukiuweka kwenye deki ya PAL tupu picha inaruka au inatoka bila rangi, ndiyo maana deki ya "multisystem" kutoka Dubai ilikuwa mali ya heshima mtaani.

Kunakili kulikuwa ndio usambazaji. Mnakumbuka kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti? Kikivunjwa, mkanda haurekodiki tena, ndiyo kinga ya kiwandani. Huku ilikuwa unabandika selotepu pale kwenye tundu au unashindilia karatasi, kaseti ya harusi inageuka kuwa ya Rambo. Nakala inatoa nakala, nakala inatoa nakala, ya nne hiyo sura za watu zinaonekana kama zipo nyuma ya mvua.

Ndani ya hali hiyo watu wetu wakabuni kitu ambacho studio hazikuwahi kukiwaza: msimuliaji. Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, na akina VJ Jingo kule Uganda kwa Kiganda. Filamu ya Kimarekani au ya Kihindi inapata sauti ya pili, inaeleza, inaongeza vionjo, mwigizaji anabatizwa jina la mtaani. Kisheria hawakuwa na leseni ya hao wenye filamu, na hilo siwezi kulificha. Lakini wenye filamu nao hawakuwahi kufungua mlango wa mtu kuomba. Waliotafsiri ndio waliowapa watu wetu hizo filamu kwa lugha wanayoielewa, na naona ni kazi ya sanaa inayostahili kuhifadhiwa kama zinavyohifadhiwa filamu zenyewe.

Bongo Muvi nayo imezaliwa kwenye mkanda, ikahamia kwenye sidii na dividii, haikupitia sinema kwanza. Ndiyo maana msambazaji wa Kariakoo akawa na nguvu kuliko mtayarishaji: anainunua "master" kwa mkupuo, na filamu ikiuza sana wewe uliyeitengeneza huna chako. Blay aliwapa Fox dola 7.50 kwa kila kaseti. Hesabu hiyo ya kila kaseti ndiyo iliyokosekana kwetu.

#8 – Mchangiaji

Mkuu nondo nzito. Kuna kitu kinanichanganya: naona Wizard of Oz na Gone with the Wind zinaanza na simba wa MGM lakini kwenye kasha la DVD kuna nembo ya Warner. Halafu Amazon si walinunua MGM?

#9 – Mleta uzi

Hapo ndipo unaona umuhimu wa kumiliki maktaba kuliko kumiliki jina.

Mwaka 1986 Ted Turner, yule wa CNN, aliinunua MGM kwa dola zipatazo bilioni moja na nusu. Madeni yakamkaba shingoni, ndani ya miezi michache akaiuza sehemu kubwa, lakini filamu zenyewe akagoma kuziachia. Alibaki na za MGM za kabla ya 1986, pamoja na zile za Warner za kabla ya 1950 zilizouzwa mwaka 1956 na kuzunguka mikononi mwa watu. Wengi walisema kaliwa. Mwaka 1996 kampuni yake ikaungana na Time Warner, na hivyo ndivyo Casablanca ilivyorudi kwao baada ya miaka 40, ikiwa imeongozana na Wizard of Oz. Amazon walipoinunua MGM mwaka 2022 kwa takriban dola bilioni 8.5 walipata James Bond na Rocky. Zile za zamani za simba hazikuwemo.

Na wenye mashine nao wakaingia upande wa pili. Sony waliinunua Columbia mwaka 1989. Mwaka uliofuata Matsushita, waliokuwa wakiiuza VHS dunia nzima, wakainunua MCA, kwa maana ya Universal. Kampuni iliyotaka deki ipigwe marufuku ikawa mali ya watengeneza deki.

#10 – Mchangiaji

Umeruka DVD mkuu. Na ile namba iliyokuwa inatutesa.

#11 – Mleta uzi

Sijairuka, nilikuwa naifikia.

DVD ilianza Japani mwishoni mwa 1996, Marekani Machi 1997. Aliyeisukuma kuliko wote ni Warren Lieberfarb wa Warner. Wazo lake lilikuwa rahisi na lilikuwa sahihi: iuze kwa bei ambayo mtu wa kawaida atanunua badala ya kukodi, na studio itapata chake kila nakala inapotoka. Wakati huohuo Blockbuster, waliokuwa na maelfu ya maduka, walikubaliana na studio kubwa kuhusu kaseti: badala ya kulipa kama dola 65 kwa kaseti, walipe karibu dola 8, kisha wagawane mapato ya kukodisha. Hapo studio zikapata kipande cha kila usiku wa kukodi, na Blockbuster wakaweza kujaza ukuta mzima kwa filamu moja mpya. Vijiduka huru havikupata masharti hayo. Walishtaki, wakashindwa, wengi wakafunga. Wale waliojenga biashara ndio waliotangulia kuzikwa nayo, na sijawahi kuona studio yoyote ikiwashukuru.

Sasa hiyo namba. Geuza kasha la DVD ya original, utaona kidunia kidogo chenye tarakimu ndani. Dunia ilikatwa vipande: 1 ni Marekani na Kanada, 2 Ulaya Magharibi na Japani, 6 China. Sisi tukawekwa 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. Mashine ya 5 haichezi sahani ya 1. Lengo lilikuwa filamu inayoanza kuuzwa Marekani isije ikafika mahali ambako bado haijaonyeshwa sinema, na kila soko liwe na bei yake. Kwa Mtanzania maana yake ilikuwa hivi: ndugu yako anakuletea sahani halali kutoka Marekani, imelipiwa, na mashine yako inaikataa. Ile ya kichina ya barabarani, yenye filamu kumi kwenye sahani moja, inacheza bila kuuliza. Waliokuwa waaminifu ndio walioadhibiwa. Mafundi wetu walijifunza haraka kuzifungua mashine kwa kubonyeza namba za siri kwenye rimoti, na wala siwalaumu.

Kwa Marekani lakini DVD ilikuwa neema. Mwaka 2005 mauzo yalifika takriban dola bilioni 16. Mwigizaji Matt Damon ameshaeleza hadharani kwamba pesa hizo za DVD, zilizokuwa zinaingia miezi kadhaa baada ya sinema, ndizo zilizofanya filamu za bajeti ya kati zitengenezwe. Zilipokauka, filamu hizo nazo zikaadimika. Blu-ray iliyofuata iliishinda HD DVD mwaka 2008 lakini haikuwahi kufika pale DVD ilipofika.

#12 – Mchangiaji

Mimi nimeshanunua filamu kama 30 kwenye duka la mtandaoni, nimelipia "nunua", sio "kodi". Hizo si zangu kama kaseti?

#13 – Mleta uzi

Kwa bahati mbaya hapana mkuu.

Ile kanuni ya mauzo ya kwanza inahusu nakala unayoweza kuishika. Mtandaoni hukuuziwa nakala, ulipewa ruhusa ya kutazama, na ruhusa ina masharti. Mkataba wa muuzaji na studio ukiisha, filamu inaweza kuondoka kwenye akaunti yako. Huwezi kumuazima jirani, huwezi kuiuza, huwezi kuirithisha. Kile ambacho studio zilikikosa Bungeni miaka ya 80 zimekipata bila kupiga kelele, kwa kubadilisha tu kinachouzwa. Jimbo la California limelitambua hili: tangu Januari 2025 sheria yao inamlazimisha muuzaji anayetumia neno "nunua" kumwambia mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni.

Na kwa filamu ambazo hazijawahi kutolewa kwenye sahani hali ni mbaya zaidi. Mei 2023 Disney waliondoa kwenye huduma yao kazi nyingi walizotengeneza wenyewe, ukiwemo mfululizo wa Willow, ambao ulikuwa umetoka miezi michache tu kabla. Hakukuwa na kaseti wala DVD yake. Filamu yao ya Crater nayo ilikaa wiki saba hivi ikaondolewa. Mwaka 1937 filamu zilipotea kwa moto. Siku hizi zinafichwa kwa hesabu za kodi na mirabaha, kwa uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini.

Ushauri wangu kwako ni huu. Katika hizo 30, chagua zile ambazo ungeumia ukizikosa, zitafute kwenye DVD au Blu-ray wakati bado zinapatikana. Usichelewe: maduka ya Best Buy Marekani yaliacha kuuza sahani za filamu mwanzoni mwa 2024, na mwaka huohuo Disney wakawakabidhi Sony kazi ya kutengeneza na kusambaza sahani zao za Marekani na Kanada. Ndiyo, Sony haohao wa kesi ya 1976. Kabla ya kulipa, kagua ile namba nyuma ya kasha; za Blu-ray zinatumia herufi, na Afrika ipo kundi B pamoja na Ulaya. Za 4K hazina mgawanyo huo kabisa, zinacheza kwenye mashine ya 4K ya nchi yoyote.

Wenye kaseti za Lufufu bado mzima mzima, tafadhali nifuateni inbox. Natafuta mtu mwenye deki nzuri ya PAL hapa Dar tuzihamishe kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza.